Mwalimu hodari anapewa darasa la saba, la kwanza anapewa yeyote. Walimu wa Tanga na Pwani tulizungumze hili

Chaki ya Pwani (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanga, upande wa njia ya Pangani. Jina la shule naliacha, maana ninayotaka kuyasema yapo katika shule nyingi na sina nia ya kumsema mtu. Nafundisha darasa la kwanza. Naleta hapa jambo ambalo ofisini tunalisema kwa kunong'ona: namna tunavyogawana madarasa.

Januari ikifika mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma, anabandika ratiba. Walimu wanaosifika kwa kufaulisha wanapangwa la saba na la nne, kwa kuwa huko kuna mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani, na huko ndiko shule inakohesabiwa. La kwanza anawekwa aliyeripoti juzi, au aliyerudi kutoka likizo ya uzazi, au anayejitolea kwa posho ya michango ya wazazi, au mzee wetu aliyebakiza muda mfupi astaafu, eti apumzike. Na kwenye shule yenye mivutano, mwalimu aliyekosana na mkubwa wake akipangwa la kwanza kila mtu ofisini anajua kwamba ameadhibiwa.

Mimi nasema hapo ndipo tunapowapoteza watoto. Na tukishawapoteza hapo, hakuna kambi ya la saba itakayowarudisha.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe nieleze kidogo. Kiwango cha serikali kwa msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mimi nina watoto zaidi ya mia chumba kimoja, wengine kwenye madawati, wengine kwenye jamvi mbele ya ubao. Kabla sijaandika chochote kuna aliyepoteza penseli, kuna aliyejikojolea na anaona aibu kusema, kuna mwenye homa tangu usiku ambaye mama yake amewahi sokoni, kuna anayemlilia dada yake aliye la tano. Hao wote nawashughulikia kwanza, kwa sababu mtoto wa umri ule akiwa na jambo moyoni hasikii silabi.

Wako waliopita darasa la awali na wako ambao hawakupita. Ambaye hakupita hajawahi kushika penseli. Wiki za mwanzo kwake ni mazoezi ya vidole: kufinyanga udongo, kuchora mistari ya wima na ya mlalo, kuzungusha duara, kupanga vizibo vya soda. Mpita njia akichungulia dirishani anadhani tunacheza, na nimewahi kuambiwa na mzazi kwamba mwanawe "hajaanza kusoma, wanafinyanga tu". Mkono usiojua kuzungusha duara utaandikaje herufi a?

Kisha zinakuja sauti. Mtoto hafundishwi jina la herufi, anafundishwa sauti yake. Ukimwambia hii ni "be" na hii ni "a", atakusomea "bea", na atakuwa sahihi kwa jinsi ulivyomfundisha. Tunaanza na irabu tano, tunaleta konsonanti moja moja, tunaziunganisha, tunatunga neno. Lugha yetu inatubeba sana kwa sababu inaandikwa kama inavyotamkwa: mtoto akishika silabi anasoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Pagumu ni pale herufi zinapoambatana: mb, nd, ny, kw, mbw. "Ngoma" na "ng'ombe" vinatuchukua siku nyingi. Mwalimu asiyejua hatua hizi huandika ubaoni "baba analima", watoto wakaimba pamoja naye, akatoka ameridhika. Wameimba. Futa ubao, andika "bibi analala", utaona.

Niseme na hili la chuo, maana huku kwetu watoto wengi jioni wanakwenda madrasa na wapo wenzangu wanaolalamika kwamba wanachoka. Mimi naona vingine. Mtoto aliyeanza chuo anajua tayari kwamba herufi moja hubadilika sauti kwa alama inayowekewa. Ameshaimba ba, bi, bu kwa fataha, kasra na dhumma. Nikimwekea b na irabu mbele yake hashangai hata kidogo. Kinachompa tabu ni upande: anaanza kulia kwenda kushoto, na daftari analifungua kwa nyuma. Dawa yake ni ndogo, namwekea nukta nyekundu upande wa kushoto wa kila mstari mpaka mkono uzoee. Nilikwenda kumwamkia maalim wa chuo cha jirani tukazungumza. Sasa mtoto akikosekana kwangu namuulizia kwake, naye akimkosa huniulizia mimi. Kwa mahudhurio, huyu maalim amenisaidia kuliko barua zote nilizowahi kuandikia wazazi.

Njaa ndiyo inayonishinda. Kuna muhula uji upo, kuna muhula haupo. Ruzuku ya uendeshaji kwa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo 4,000 ni za vitabu. Inayobaki ni chaki, karatasi, matengenezo madogo. Uji haumo, uji ni mahindi na sukari na kuni za wazazi. Tangu michango ya lazima ilipoondolewa Januari 2016, wapo wazazi walioelewa kwamba na chakula ni cha serikali. Saa nne wale waliotoka nyumbani bila kitu wanaanza kulaza vichwa kwenye dawati, na hao ndio hao hao ambao mwisho wa mwaka tunawaandika "hajamudu".

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba ni machungu matupu. Nina mtoto wa mvuvi, mkimya kabisa, miezi ya kwanza alikuwa ananitazama mdomo tu. Siku moja jioni alimsomea baba yake jina lililoandikwa ubavuni mwa ngalawa ya jirani, silabi kwa silabi, bila kuambiwa na mtu. Baba yake alikuja shuleni kesho yake asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu amwandikishe, akasimama mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli huyu anasoma au kakariri?" Nikamwandikia mtoto neno jipya ubaoni, akalisoma. Tangu siku ile yule baba hakosi kikao. Kwa siku kama ile mimi sitaki kutoka la kwanza hata nikipewa uchaguzi.

Ninachoomba ni hiki. Mwalimu mwenye kipaji cha Kiswahili na subira apewe la kwanza, apande na watoto wake mpaka la pili, asibadilishwe katikati ya mwaka, wala asiwe ndiye wa kutumwa halmashauri kila kukiwa na barua ya kupeleka, kwa kuwa "wake ni wadogo tu". Kwenye la kwanza siku moja ikipotea inaonekana.

Walimu, wazazi, karibuni. Kwenye shule zenu iko vipi?

Mtaaluma Muheza

Mwalimu, nakuheshimu na uzi wako nimeusoma wote. Mimi ndiye huyo anayebandika ratiba, kwa hiyo nisikilize na upande wangu.

Mkuu wangu akiitwa kwenye kikao cha tathmini anaulizwa la saba imefaulisha kwa kiasi gani na la nne kwa kiasi gani. Sijamsikia akiulizwa watoto wangapi wa la kwanza wanasoma silabi. NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora tangu matokeo ya 2022, lakini huku chini orodha bado zinapangwa na mwalimu mkuu wa shule ya mwisho anasimamishwa ajieleze mbele ya wenzake. Mtu aliyesimamishwa namna ile akirudi, unamwambia nini kuhusu la kwanza?

Jambo la pili, walimu hatutoshi. Nina mwalimu mmoja wa hisabati anayeiweza la saba. Nikimpeleka la kwanza, la saba namweka nani? Na huku kwetu msimu wa machungwa ukianza, watoto wakubwa wanaingia mashambani kuchuma na kubeba. Wakirudi nina wiki chache za kuwaandaa. Lazima wawe na mtu wa kuwakimbiza.

Sikatai hoja yako. Nasema mzigo tuliobebeshwa ndio unaotuelekeza huko.

Chaki ya Pwani

Mtaaluma, ahsante kwa kusema waziwazi, na hilo la kusimamishwa mbele ya wenzako nimeliona kwa macho, linaumiza.

Nikuulize kitu kimoja. Huyo mwalimu wako wa hisabati wa la saba, kwenye zile wiki chache, muda gani anafundisha hisabati na muda gani anamsomea mtoto swali? Kwetu mwalimu wa la saba aliniambia kwamba wapo watoto wanaojua kuzidisha vizuri kabisa, ila swali la maneno linawashinda kwa kuwa hawalisomi likaisha. Tunawapa mitihani ya ujirani mwema, ile ya pamoja na shule jirani, mmoja baada ya mwingine, tunawafundisha kusiliba jibu (kutia weusi herufi yake) kwa usafi, wengine wanapita kwa kubahatisha herufi. Tatizo lilizaliwa la kwanza, tunakuja kulilipia la saba kwa gharama kubwa zaidi.

Sisemi umtoe wa hisabati. Nasema yule wa Kiswahili wa la sita na la saba, ambaye najua unaye na ni mzuri, mwaka mmoja mjaribu la kwanza.

Ticha wa Kidato

Naomba niingie kutoka sekondari, maana hao watoto mkishawapitisha wanakuja kwangu.

Nafundisha baiolojia shule ya kata, wilaya ya Pangani. Kila mwaka kidato cha kwanza tunawapa zoezi fupi la kuandika kwa Kiswahili, habari za nyumbani kwao tu. Sifichi: kila mwaka wapo wanaotoa karatasi yenye herufi zilizopangwa vizuri zisizotoa neno. Mwandiko mzuri kabisa! Wamekaa miaka saba wakinakili ubao, mkono umekuwa fundi, kichwa hakijui mkono unaandika nini. Halafu mtoto huyo huyo mimi natakiwa nimfundishe baiolojia kwa Kiingereza.

Hawa watoto wana akili. Wamejifunza kujificha, na kujificha kwao kunahitaji akili nyingi. Anakaa na rafiki anayesoma, anakariri alichosikia, ukimwita asome anasema macho yanamuuma. Wasichana wananyamaza, wavulana wanafanya fujo ili watolewe nje kabla zamu yao ya kusoma haijafika. Mwalimu wa nidhamu anaandika "mtukutu". Mimi nikiona mvulana ana fujo kwenye vipindi vya kusoma tu, mahali pengine ametulia, namwita pembeni kwanza namjaribu kwa silabi.

Kwa sasa mimi na mwenzangu wa Kiswahili tunawakusanya baada ya vipindi, nyuma ya maabara, mahali ambapo wenzao hawawaoni. Tunatumia vitabu vya la kwanza tulivyoazima msingi, tumevifunika magamba ya magazeti ili mtu asijue ni vya darasa gani. Mtoto wa miaka kumi na minne anajifunza haraka akishaacha kuogopa. Lakini wale waliokwisha kuacha shule kabla hatujawagundua, nawaona pwani wanavuta nyavu, wananiamkia, "shikamoo ticha", na mimi najua kwa nini waliondoka.

Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi, na mimi nina ushahidi kila Januari.

Bibi Mstaafu

Hamjambo wanangu. Mjukuu wangu ndiye amenionyesha uzi huu, akanisaidia kuandika.

Nilifundisha tangu wakati wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, watoto walipomiminika shuleni na walimu hatukutosha. Wengi wetu tuliingia kazini tukiwa tumemaliza la saba, tukijifunza ualimu huku tunafundisha. Kwa hiyo mnaposema uhaba, mimi uhaba naujua.

Lakini mwalimu mkuu wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa akifundisha la kwanza mwenyewe, saa mbili za mwanzo za kila asubuhi. Ofisi ilifungwa. Mgeni akija, hata awe mkaguzi, alimsubiri chini ya mwembe mpaka kipindi kiishe. Sisi vijana tulimuuliza mbona anajichosha na hao wadogo. Akatuambia anataka kumjua kila mtoto wa shule yake tangu siku ya kwanza. Na kweli aliwajua, na wazazi wao, na nani amelala na njaa.

Hatukuwa na daftari za kutosha. Tuliwatoa nje wakaandika kwa kidole mchangani, mimi napita nyuma yao natazama vidole. Mchanga una faida ambayo karatasi haina: mtoto akikosea anafuta kwa kiganja na haoni aibu, wala hakuna alama nyekundu ya kumkumbusha. Nyie mlio karibu na bahari mchanga mnao, msingoje karatasi za manila.

Tanga hii imekuwa na shule ya serikali tangu enzi za Wajerumani, miaka ya 1890. Makarani wa kuandika Kiswahili walikuwa wakitolewa hapa. Kusikia kwamba mtoto wa Tanga anafika kidato cha kwanza hajui kusoma kunaniuma sana.

Chaki ya Pwani

Shikamoo bibi. Hilo la mchanga nalichukua kesho kutwa hii, jua likiwa halijawa kali. Na hilo la mwalimu mkuu kufunga ofisi asubuhi nitampelekea wangu, kwa adabu.

Najitolea

Mleta mada, mimi ndiye huyo "yeyote" uliyemwandika kwenye kichwa cha habari.

Nina stashahada ya ualimu, nasubiri ajira kama wenzangu maelfu. Nafundisha la kwanza kwa kujitolea. Posho inatoka kwa wazazi, mwezi mwingine inafika, mwezi mwingine naambiwa tuvumiliane. Nauli ya kwenda na kurudi natoa mfukoni, zana nimetengeneza mwenyewe kwa maboksi ya dukani. Watoto wangu wanasoma. Njoo uwapime. Nikisoma kwamba la kwanza "anapewa yeyote" nahisi kama kazi yangu imehesabiwa kuwa sababu ya tatizo.

Chaki ya Pwani

Dada yangu (au kaka yangu), umenigusa na nataka nikujibu vizuri.

Ninayemlaumu ni anayepanga bila kutazama mtu. Wewe ulipewa la kwanza kwa sababu hukuwa na sauti ya kukataa, hawakukupa kwa sababu wameona unaliweza. Ikatokea kwamba unaliweza, na hiyo ni heri ya wale watoto. Lakini shule haikufanya chochote kuhakikisha hivyo. Wangeweza kumweka mtu asiyeliweza kwa utaratibu ule ule, na wasingejua mpaka miaka mitatu ipite. Na wewe ajira ikitoka ukapangiwa Tabora mwezi wa tano, watoto wako wanabaki na nani? Anayefundisha la kwanza ndiye alipaswa awe na uhakika wa kesho kuliko walimu wote wa shule, na sisi tumemchagua asiye na uhakika hata wa nauli. Hilo ndilo linalonikasirisha, kwa niaba yako.

Kama mtendaji au mjumbe wa kamati ya shule anasoma hapa: posho ya anayejitolea ikusanywe mapema na iandikwe kwenye mukhtasari wa kikao, isiwe hisani ya mwezi hadi mwezi.

Najitolea

Nimekuelewa. Nashukuru kwa kunijibu.

Bajaji Ngamiani

Walimu, mimi ni mzazi, naendesha bajaji, shule sikufika mbali. Mwanangu wa kike yuko la kwanza. Natoka nyumbani amelala, narudi amelala. Mama yake anakaanga mihogo barabarani mpaka saa mbili usiku. Mnaposema mzazi amsaidie mtoto nyumbani, mimi nisaidie nini na lini? Nauliza kwa nia njema, sitaki mtoto wangu awe yule wa nyuma ya maabara.

Chaki ya Pwani

Kaka, swali lako ni zuri na jibu lake halihitaji elimu kubwa.

Siku moja kwa wiki ambayo hutoki asubuhi, mwambie akufungulie daftari akueleze walichofanya. Huna haja ya kujua kama amepatia. Akikueleza yeye, anajifunza mara ya pili. Mama yake akiwa kwenye mihogo, mtoto akiwa pembeni yake ahesabu vipande na ahesabu chenji, hiyo ni hesabu kamili. Wewe bajaji yako ina maandishi, na daladala na kuta za Ngamiani zimejaa maandishi, barabara zenyewe zina namba. Ukimpitisha mahali, muulize "hapa pameandikwaje?" Akikwama msubiri, usimcheke na usimwite mjinga mbele ya wenzake.

Lililo kubwa kuliko yote: alale mapema, apate chochote tumboni kabla ya kutoka, hata kama ni kiporo cha wali, na asikose shule kwa kutumwa. Mtoto akikosa Jumatatu na Jumanne, Jumatano nimeshahama silabi.

Na uje umwone mwalimu wake hata dakika kumi, umpigie kabla akupe muda. Sisi tukishamjua mzazi kwa sura tunamfuatilia mtoto kwa jicho jingine. Sitetei hali hiyo, ila ndivyo ilivyo na ni bora uijue.

Mwl. Kiromo

Nachangia kutoka Bagamoyo. Shuleni kwetu jambo hili tulilijaribu, kwa hiyo niwape la mkononi.

Mwalimu mkuu wetu alikubali mwalimu mzoefu wa Kiswahili ashuke la kwanza na apande na watoto. Yeye mwenyewe mwanzoni alinuna, aliona ameshushwa hadhi. Kilichombadilisha ni jumuiya ya ujifunzaji. Kwenye MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tulimpa yeye aongoze vikao vya kufundisha kusoma, walimu wa la nne na la tano wakawa wanakwenda darasani kwake kujifunza. Heshima yake ikarudi, ikazidi ya mwanzo. Kwa hiyo mkimshusha mtu la kwanza, msimwache pweke.

Tulifanya na kitu kingine kidogo. Vile vishikwambi tulivyopewa walimu baada ya sensa ya 2022, yeye alikitumia chake kurekodi sauti ya kila mtoto akisoma maneno machache mwezi wa tatu, akarudia mwezi wa kumi. Kwenye kikao cha wazazi badala ya kutaja asilimia akawasikilizisha. Mama mmoja alilia. Mchango wa mahindi ya uji mwaka uliofuata haukuhitaji kugombezana.

Ugumu ulikuja pale mwenzake wa la pili alipopata uhamisho wa kumfuata mumewe, mwezi wa nne. Hatukumzuia. Lakini tuligundua kwamba mwalimu mmoja hatoshi, lazima wawe wawili wanaojua hatua zilezile na wanaojua watoto walewale, ili mmoja akiondoka kazi isianze upya.

Mtaaluma Muheza

Nimerudi. Nimeusoma uzi wote na nimezungumza na mwalimu mkuu wangu jana jioni. Hakukataa. Amesema nilete pendekezo kwenye kikao cha Desemba kabla ratiba haijapangwa, ila nilete na jibu la swali moja: afisa elimu kata akiuliza kwa nini mwalimu hodari ametolewa la saba, tutamwonyesha nini? Matokeo ya hao watoto ya kumaliza msingi yatakuja baada ya miaka, yeye anataka kitu cha mwaka huu.

Chaki ya Pwani, na wewe wa Kiromo, mngenisaidia hapo. Pia niambieni wa Kiswahili nikimshusha, vipindi vyake vya la saba nivigawe vipi bila kumwua mwalimu mwingine.

Mwl. Kiromo

La saba sisi hatukumtoa kabisa. Alibakishiwa vipindi vya insha na ufahamu tu, baada ya saa sita watoto wa la kwanza wakishakwenda nyumbani. Vya sarufi alichukua mwalimu wa la tano. Muda wa la kwanza ni mfupi, utumie hapo.

Chaki ya Pwani

Mtaaluma, kitu cha mwaka huu ni hiki. Mwisho wa Januari mpime kila mtoto wa la kwanza peke yake, asome irabu, silabi kumi na maneno matano, uandike kwenye daftari moja lenye majina yao. Urudie mwisho wa Mei na mwisho wa Oktoba kwa maneno mengine, siyo yale yale, wasije wakakariri. Apime mwalimu mwingine, siyo anayewafundisha. Daftari hilo mwalimu mkuu aende nalo kikaoni. Afisa elimu kata akitaka kuhakikisha achague majina matano mwenyewe, aje darasani awasikilize.

Na upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa la pili upo tayari kwenye mfumo, ni sisi tu hatuupi uzito. Watoto hao hao wakifika pale utakuwa na karatasi ya pili ya kuonyesha.

Nitakutumia kwa ujumbe wa faragha karatasi ninayotumia mimi kupimia. Ibadilishe maneno yaendane na huko kwenu, weka machungwa na mikungu badala ya ngalawa na nyavu zangu. Kikao cha Desemba kikipita tujulishe hapa kilichoamuliwa, kiwe kizuri au kibaya.